Shahidi, si Wakili



Katika mji wetu wa Goma habari ya kijana aliyekubaliwa kuanza masomo ya udaktari haifichiki. Barua yafika asubuhi, na kabla ya jua kuchwa imekwisha kujulikana mtaani, sokoni na katika shirika la msingi. Ndugu wachanga fedha, akina mama wapika, Misa ya shukrani yaombwa. Nasi twasema: ni haki yake. Kijana huyo amesoma katika mji ambao mlima Nyiragongo uliuchoma mwaka 2002 na kuutisha tena mwaka 2021, katika jimbo ambalo vita vimekatiza masomo mara nyingi. Kufika mlango wa udaktari kutoka hapa si jambo dogo. Twazungumza, bila shaka, juu ya udaktari wa elimu, si ule wa uganga.

Lakini elimu si zote zenye hatari moja. Kijana akikubaliwa kusomea hesabu au elimu ya mawe, hakuna anayemwambia, “Sasa utatetea hesabu zetu.” Akikubaliwa kusomea historia, karibu kila mara atasikia neno kama hili kutoka kwa mzee fulani wa jamaa: “Tumshukuru Mungu, sasa nasi tumepata mtu wetu. Ataandika haki yetu.” Neno hilo lasemwa kwa upendo, na wote hupiga makofi. Walakini ndani yake mna swali zito la dhamiri, nalo ndilo tunalotaka kulipima leo pamoja nanyi. Mtu anayekubaliwa kusomea udaktari wa historia, amekubaliwa kuwa nani? Wakili wa watu wake, ama shahidi wa mambo yaliyotokea?

Wakili na shahidi huingia katika baraza moja, na wote wawili husema mbele ya hakimu. Lakini kazi zao hazifanani. Wakili amechagua upande kabla ya kuingia. Anaruhusiwa kulinyamazia jambo linalomwumiza mtu wake, na kulikuza lile linalomfaa. Hiyo si dhambi, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Shahidi hana upande. Ameapa kusema aliyoyaona na kuyasikia, hata kama yanamwumiza ndugu yake wa tumbo moja. Shahidi akigeuka kuwa wakili, amevunja amri ya nane, ile inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Na tena ameivunja akiwa amevaa joho la heshima, ambapo watu wengi watamsadiki.

Mlangoni huulizwa nini?

Wengi wadhani kwamba kukubaliwa ni malipo ya alama nzuri tu. Sivyo. Alama zahitajiwa, lakini hazitoshi. Tuone jinsi mambo yanavyokwenda.

Katika Kongo yetu, zamani mwanafunzi alifanya miaka mitatu ya kwanza, kisha miwili ya lisansi. Halafu, akiwa na bahati, aliajiriwa chuoni kuwa asistenti, akafundisha miaka mingi huku akingoja njia ya udaktari ifunguke. Wengine walizeeka katika kungoja huko. Sheria ya mwaka 2014 juu ya elimu ilileta utaratibu mpya, ulioanza kutumika kwa upana tangu mwaka wa masomo wa 2021–2022: lisansi miaka mitatu, masta miaka miwili, kisha udaktari. Ubelgiji, ambako wengi wetu wamekwenda, ni lazima kwanza kumpata profesa atakayekubali kumwongoza mwanafunzi, yule tunayemwita promota, na baadaye halmashauri ya chuo hulipima ombi. Marekani maombi hupelekwa kwa kawaida mwezi wa Desemba au mwanzo wa Januari, majibu hufika kati ya Februari na Aprili, na vyuo vingi hutaka mwanafunzi aseme ndiyo au hapana kabla ya tarehe 15 Aprili. Vyuo vikubwa vya huko hupata maombi mamia kwa nafasi chache tu za historia.

Njia ni mbalimbali, lakini mlangoni huulizwa karibu yale yale. Huulizwa vyeti vya shule, na barua za walimu waliomfundisha. Huulizwa lugha, kwa maana atakayechunguza mambo ya Kivu hawezi kutosheka na Kifaransa peke yake: karatasi nyingine za Wabelgiji ni za Kiflama, za zamani za ng’ambo ya mpaka ni za Kijerumani, na wazee wetu husema Kihunde, Kinande, Kinyanga, Kitembo, Mashi, Kihavu, Kinyarwanda na Kiswahili. Huulizwa pia maandiko aliyokwisha kuyaandika, ili waone kama aweza kuongoza fikira zake mpaka mwisho. Lakini zaidi ya hayo yote huulizwa mpango wa uchunguzi: Swali lako ni nini? Wenzako waliotangulia wamelijibuje? Mashahidi wako ni akina nani, yaani ni karatasi zipi na wazee gani? Na utajuaje kama umekosea?

Sikilizeni vizuri swali hilo la mwisho. Kijana akiandika, “Nataka kuthibitisha kwamba ardhi ya bonde fulani ni yetu,” waliomsoma wataiweka barua yake kando. Si kwamba wanawachukia watu wa bonde hilo, bali kijana hakuuliza neno. Amekwisha kutoa hukumu, na sasa atafuta watu wa kuitia sahihi. Akiandika badala yake, “Nataka kujua mipaka ya bonde hilo iliwekwa lini, na nani, kwa sababu gani, na watu waliokuwako siku zile walisema nini,” hapo ameuliza swali. Na swali la kweli huweza kumwumiza mwenye kuliuliza. Anaweza kukuta kwamba babu yake alidhulumiwa. Anaweza pia kukuta kwamba babu yake alidhulumu.

Kumbe basi, mlango wa chuo wadai jambo la roho kabla ya jambo la akili. Wamdai mtu akiri kwamba hajui. Wahenga walisema, asiyeuliza hana ajifunzalo. Katika nchi ambamo kila mtu husema ameijua historia tangu kifuani mwa mama yake, kukiri hivyo ni unyenyekevu mkubwa.

Waliotangulia

Yafaa kukumbuka kwamba mlango huu haukuwa wazi tangu zamani. Chuo cha Lovanium, karibu na mji ulioitwa wakati ule Léopoldville, kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha serikali cha Élisabethville mwaka 1956. Siku zile wataalamu wengi wa Ulaya waliona kwamba Afrika haina historia, kwa sababu watu wake hawakuandika. Mambo ya wazee wetu waliyaita hadithi.

Mmoja wa waliosaidia kulivunja wazo hilo ni Jan Vansina, Mbelgiji aliyekwenda kukaa kwa Wakuba katika Kasai mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliwasikiliza wazee, akafundisha kwamba neno lililopokewa kwa mdomo laweza kupimwa kama karatasi inavyopimwa: nani amelisema, alilipata kwa nani, lamfaa nani, na wengine wasemaje. Alipata udaktari huko Louvain mwaka 1957, na mwaka 1961 akatoa kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo ambacho wanafunzi hukisoma hata leo. Huko Kenya, Bethwell Ogot, Mjaluo, aliandika historia ya Wajaluo wa kusini kwa kutegemea mapokeo ya wazee. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Huko Tanzania, Isaria Kimambo, Mpare, alifanya vivyo hivyo kwa Wapare, na kitabu chake kilitoka mwaka 1969. Na hapa kwetu Isidore Ndaywel è Nziem alitoa mwaka 1998 historia kubwa ya Kongo nzima.

Twawataja Ogot na Kimambo kwa makusudi. Hatusemi kwamba mtoto wa nyumbani asiandike juu ya watu wake. Anayeijua lugha ya mama huyasikia mambo ambayo mgeni hapati kuyasikia hata baada ya miaka kumi. Lakini yampasa kulipima neno la baba yake kwa mizani ile ile anayolipimia neno la jirani.

Padre Alexis Kagame wa Rwanda, aliyepata udaktari wa falsafa Roma mwaka 1955, aliokoa mapokeo mengi ya ikulu ya wafalme wa Rwanda ambayo bila yeye yangalipotea pamoja na wazee walioyashika. Tunamshukuru kwa kazi hiyo. Hata hivyo Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya ufalme huo, alionyesha kwamba ukiitegemea mno sauti ya ikulu, utaiona nchi kama wakubwa walivyotaka ionekane. Mashahidi wa ikulu ni mashahidi kweli, lakini si wote. Yuko pia mkulima, na mwanamke, na mtu wa mpakani.

Ndivyo ilivyotokea katika Ziwa letu. David Newbury alikaa katika kisiwa cha Ijwi akiwauliza watu habari za koo zao na za wafalme wao, na kitabu chake kilitoka mwaka 1991. Wengi wetu twadhani kwamba ukoo ni kama jiwe: ulikuwako tangu mwanzo, nao utakuwako hivyo hivyo. Yeye aliona kwamba katika Ijwi watu waliohamia kutoka pande mbalimbali walikusanyika na kujitambulisha kwa ukoo kadiri walivyoingiliana wao kwa wao na ufalme ulivyokuwa ukijengwa. Ukoo nao una historia. Mtu aliyekwenda Ijwi ili kuutetea ukoo mmoja asingaliweza kuliona jambo hilo, maana angaliona tu alichokifuata.

Kweli mbili katika ukurasa mmoja

Sasa tuje karibu zaidi, hata kama panauma.

Katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, neno “historia” limekuwa silaha. Ugomvi wa ardhi ukianza, kwanza hutafutwa nani alitangulia kufika. Kila upande una wakili wake, na kila wakili ana nusu ya kweli. Hebu tuzitazame nusu mbili.

Ya kwanza: mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walipatana juu ya mpaka wa pande hizi. Kabla ya mpaka huo walikuwako tayari, katika Bwisha, ndiyo Rutshuru ya leo, watu wasemao Kinyarwanda. Hawakuuvuka mpaka, mpaka ndio uliowapitia. Anayesema kwamba wote wameletwa juzi, hasemi kweli.

Ya pili: katika Masisi Wahunde walikuwa na machifu wao na desturi zao za kugawa ardhi. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni iliunda Komite ya Taifa ya Kivu, ikaipa mamlaka juu ya ardhi nyingi, na mashamba makubwa yakakatwa kwa ajili ya Wazungu. Kisha, tangu mwaka 1937 mpaka 1955, serikali hiyo iliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwakalisha pande hizo, hasa Masisi, bila kuwapa wenyeji nafasi ya kweli ya kukataa. Anayesema kwamba hakuna aliyeletwa, naye hasemi kweli. Na waliohamishwa, wengi wao walikuwa maskini waliokimbia njaa na kutafuta shamba. Hawakuwa wenye kuipanga sheria hiyo.

Mwanafunzi mmoja aliyezaliwa huko, Stanislas Bucyalimwe Mararo, alikubaliwa katika Chuo cha Indiana, Marekani, akamaliza udaktari wake mwaka 1990 kwa uchunguzi juu ya ugomvi wa ardhi katika Masisi na matokeo ya siasa ya Wabelgiji. Mwaka 1993 vita vya Masisi na Walikale viliwaka. Tazameni miaka hiyo. Vitabu vya historia huandikwa polepole, na panga halingoji. Ndiyo sababu twasema kwamba jambo hili si mchezo wa wasomi.

Wakili wa upande mmoja ataandika kweli ya kwanza tu. Wakili wa upande wa pili ataandika ya pili tu. Shahidi ataziandika zote mbili katika ukurasa mmoja, na jioni ile pande zote mbili zitamkasirikia. Lakini ni katika ukurasa huo tu ambamo wajukuu wao wataweza siku moja kukaa pamoja.

“Basi sisi tutabaki bila mtetezi?”

Wako watakaotujibu hivi: “Maneno yenu ni mazuri, lakini wenzetu wana mawakili wao. Wetu akiwa shahidi tu, tutaliwa.” Hoja hii ni ya nguvu, wala hatutaki kuipita mbio.

Kwanza, mwenye kudhulumiwa hahitaji uongo. Waliouawa wanayo haki ya kuhesabiwa kwa idadi ya kweli na kwa majina yao. Anayeongeza hesabu ya wafu wake kwa kuwapenda, amwekea adui mlango wazi. Adui akikuta uongo mmoja katika kitabu, atasema kitabu chote ni uongo, na wafu wa kweli watakanushwa pamoja na wale wa kubuniwa.

Pili, mfano tunao. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa taarifa juu ya maovu makubwa yaliyotendwa katika nchi yetu tangu Machi 1993 mpaka Juni 2003. Ndani yake yamo matukio 617. Wachunguzi waliwasikiliza mashahidi zaidi ya 1,280, nao hawakupokea tukio lolote bila kupata vyanzo viwili visivyotegemeana. Taarifa hiyo haikuwa hukumu ya baraza, wala si kitabu cha udaktari. Lakini tazameni: ndani yake hakuna kabila moja tu lenye wafu, wala jeshi moja tu lenye damu mikononi. Ndiyo maana wakubwa wengi, wa pande nyingi, hawakuipenda. Na ndiyo maana mjane hata leo aweza kuitegemea.

Tatu, wakili husadikiwa na watu wake tu, ambao walikwisha kusadiki. Shahidi aliyewahi kusema jambo linalowaumiza watu wake, siku atakaposema jambo linalowatetea, hata mpinzani atanyamaza amsikilize. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Nasi twaongeza kwamba mwishowe ndiye mtetezi mwenye nguvu, ingawa hakutafuta kuwa mtetezi.

Kanisa nalo limelijua jambo hili kwa habari yake lenyewe. Papa Leo wa Kumi na Tatu alizifungua nyaraka za siri za Vatikano kwa wachunguzi mwaka 1881, hata kwa wasio Wakatoliki. Mwaka 1883, katika barua yake juu ya elimu ya historia, alikumbusha sheria iliyotolewa zamani na Cicero, yule msemaji wa Roma: mwandishi wa historia asithubutu kusema uongo, wala asiogope kusema kweli. Mwaka 2020 zilifunguliwa, kwa amri ya Papa Fransisko, nyaraka za wakati wa Papa Pius wa Kumi na Mbili, wakati wa vita vikubwa, ingawa alijua kwamba wengi wangezisoma kwa kutafuta lawama. Kama Kanisa Takatifu halikatai kupimwa, kabila letu ni nani hata likatae?

Rushwa ya kalamu

Twaujua mji wetu. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mlei, mtumishi wa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili vyakula vilivyooza visipite kwenda kuwaumiza watu, na mwezi wa Julai mwaka 2007 akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma.

Mwanafunzi wa historia naye yuko mpakani, naye hupitisha vyakula. Akiacha uongo upite, watu wataula. Na rushwa yake si fedha tu. Yaweza kuwa mkubwa anayelipa minervali na tikiti ya ndege, kisha siku moja auliza kwa upole sura ya tatu itasema nini. Yaweza kuwa sifa za ndugu. Yaweza kuwa ahadi ya kazi. Tena yaweza kuwa hofu, na hofu ya hapa kwetu si ya kubuni: mwishoni mwa Januari 2025 tuliona jinsi mji mzima ulivyotwaliwa kwa silaha na M23 katika siku chache.

Je, twamdai kila mwanafunzi afe kwa ajili ya ukurasa wa kitabu? Hapana. Dhamiri njema hutofautisha kunyamaza na kusema uongo. Mtu aweza kwa busara kuchagua jambo la zamani zaidi, au kulificha jina la mzee aliyemwambia, au kungoja wakati wa amani ndipo achapishe. Mzazi hasemi yote mbele ya mtoto, na hajatenda dhambi. Lakini kuandika lisilokuwako, au kulifuta lililokuwako ili asomaye adanganyike, hilo halina ruhusa, hata kama mwandishi ana njaa. Na anayenyamaza leo kwa busara, ayaweke aliyoyajua mahali salama, yasizikwe pamoja naye.

Karatasi ziko mbali

Liko jambo moja la kusikitisha ambalo lazima tuliseme. Kijana wa Goma akitaka kujua mambo ya kijiji cha babu yake katika siku za Wabelgiji, karatasi nyingi ziko Bruseli na Tervuren. Akitaka mambo ya mpaka wa Wajerumani, ziko Berlin. Akitaka madaftari ya kila siku yaliyoandikwa na Mapadri Weupe katika misheni zao, kama Kardinali Lavigerie alivyowaagiza, mengi yahifadhiwa Roma. Kwa hiyo, ili asome habari za nyumbani kwao, yampasa kuomba viza. Si haki kwamba mjukuu awe mgeni kwa karatasi za babu yake. Wale wanaozihifadhi, nao ni wajibu wao kuwafungulia watoto wa nchi hii, na kuzileta karibu kwa njia za siku hizi, ambazo huwezesha karatasi kusomwa mbali bila kusafirishwa.

Lakini tusilaumu ng’ambo tu. Kanuni za Kanisa, katika kanuni ya 535, zaamuru kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu, na kuvitunza. Vitabu hivyo ni mashahidi: jina la mtoto, la wazazi, la msimamizi, kijiji, tarehe. Tuliona mwaka 2002 jinsi lava ilivyoliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Twajua basi kwamba karatasi ni kitu dhaifu. Isifungiwe sabuni wala karanga karatasi yenye jina la mtu.

Wajibu wetu tulio nyumbani

Tunapomchangia kijana fedha za safari, tusimtilie hukumu ndani ya bahasha. Tumwambie hivi: “Nenda ukaulize. Ukirudi na neno linalotufurahisha, tutakusikiliza. Ukirudi na neno linalotuumiza, tutakusikiliza pia, na bado utakula kwetu.” Neno hilo la mwisho ni zito kuliko mbuzi wa karamu. Vijana wengi hawaogopi promota wala majaji wa chuo. Wanaogopa kurudi nyumbani.

Tena tumsaidie kazi yenyewe. Wazee wetu wanakufa. Kila familia yenye simu yaweza kuandika sauti ya bibi anaposimulia, na kutaja jina lake, siku, na mahali alipozaliwa. Na tusimpeleke mtoto wetu kwa wazee wetu tu. Tumwongoze mpaka kwa mzee wa upande wa pili, tumwombee hodi sisi wenyewe, tumwambie mzee huyo, “Baba, mtoto huyu anatafuta kweli, mwambie na ya kwenu.” Pengine hodi hiyo italeta amani kabla ya kitabu kumalizika.

Na wale walioomba wasikubaliwe? Wengi hukosa kwa sababu ya promota asiyepatikana, au fedha, au nafasi kuwa chache, si kwa upungufu wa akili. Mwalimu wa shule ya sekondari anayewafundisha watoto arobaini kuuliza “Umejuaje?” kabla ya kusadiki, huyo naye ni shahidi, na huenda akazuia panga nyingi kuliko daktari.

Basi, tuwapongeze vijana wetu waliokubaliwa, tucheze, tule, tumshukuru Mungu. Kisha tuwaombee, si kwamba watushindie kesi, bali kwamba Roho wa kweli awape macho ya kuona na moyo wa kusema. Na sisi atupe masikio.